Kabla Hujamkabidhi Mtu Mgongo Wako



Somo la mara hii limetoka nyumbani kwetu wenyewe, na si la kujisifu. Miaka michache iliyopita mwenzetu mmoja katika kikundi chetu cha kina mama, mtu wa miaka thelathini na kitu, alianza kuumwa na mgongo wakati wa kupalilia mahindi. Tukamwambia vile kila mtu huambiwa: ni jembe hilo, ni maji unayobeba, pole, pumzika kidogo. Mwezi ukapita, wa pili ukapita, na wa tatu. Maumivu hayakuondoka.

Siku hizo alikuwa amefika sokoni kwetu mwanamume mmoja na kitanda cha kukunja, na bango lenye picha ya mifupa ya mgongo. Alijiita daktari wa kiropraktiki. Watu walilala pale, wakasukumwa, mgongo ukalia ka! ka!, wakainuka wakicheka. Basi tukaona dawa ndiyo hii. Tulifanya mchango, tukapata shilingi 6,000, na tukamlipa zote siku hiyo hiyo kwa matibabu ya mara kumi.

Mara ya tatu mwenzetu alirudishwa nyumbani akishikiliwa huku na huku. Usiku ule miguu ikaanza kuingia ganzi. Kulipokucha tukamkimbiza hospitali. Afisa wa kliniki aliyempokea hakuanza na mgongo. Alianza na maswali. "Mama, usiku unatoka jasho?" Ndiyo. "Hizi nguo zako bado zinakutosha?" Zilikuwa zimelegea, na sisi sote tulikuwa tumeona, lakini tulidhani ni mawazo tu. Kisha akagonga pingili za uti wa mgongo moja moja, polepole, na alipofika katikati mama akapiga yowe. Picha ya eksirei ilionyesha pingili mbili zimeliwa. Baada ya vipimo vingine tukaambiwa ni kifua kikuu, yaani TB, lakini cha mifupa. Hakuwa amekohoa hata siku moja.

Leo anatembea na analima. Alimeza dawa karibu mwaka mzima, na dawa hizo hakuzilipia, kwa maana dawa za TB katika hospitali za serikali ni za bure. Lakini mgongo ulibaki na kibiongo, na kibiongo hicho hakitaondoka.

Yule mtu wa sokoni hatukumwona tena. Tulimlaumu sana, kisha tukaanza kujilaumu. Yeye hakumwuliza mama hata swali moja, ni kweli. Lakini na sisi hatukumwuliza yeye swali hata moja. Hata amesomea wapi hatukutaka kujua. Tulimpa pesa na mgongo wa mwenzetu, basi.

Baada ya hapo tulikuwa tayari kutangaza kwamba kiropraktiki yote ni uongo mtupu. Tulipoanza kuuliza wataalamu na kusoma, tukakuta sivyo. Iko kiropraktiki ya kweli, ina watu waliosomea miaka mingi, na kuna maumivu inayoweza kupunguza. Kwa hiyo tuliyojifunza tunawaletea hapa, kwa ajili ya yeyote anayefikiria kwenda kwa mara ya kwanza.

KIROPRAKTIKI NI KITU GANI?

Jina lenyewe limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kazi ya mikono. Ilianzia Marekani, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, mwaka wa 1895. Mtu aliyeianzisha aliitwa Daniel David Palmer. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa Harvey Lillard, mtu mweusi aliyekuwa akifanya usafi katika jumba ambamo Palmer alikuwa na ofisi yake. Lillard alikuwa hasikii vizuri. Palmer alimsukuma mgongo, kisha akadai kwamba masikio yamefunguka. Kutokana na hayo Palmer akafundisha kwamba karibu magonjwa yote ya mwanadamu huletwa na pingili za mgongo zilizokaa vibaya.

Fundisho hilo halikusimama. Malaria huletwa na mbu, kifua kikuu huletwa na viini, na hakuna pingili inayohusika hapo. Wengi wa wataalamu wa kiropraktiki waliosoma siku hizi hushughulika na mgongo, shingo na viungo tu. Lakini wako wachache ambao bado wanaahidi kuponya presha, kisukari, pumu, na hata watoto wanaokojoa kitandani. Ukisikia ahadi za namna hiyo, beba mkoba wako uende nyumbani. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kusukuma mgongo huponya magonjwa hayo, na mtu wa kisukari akiacha dawa zake kwa sababu ya ahadi kama hiyo anaweza kufa.

Mwaka wa 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu mafunzo ya kazi hii. Mtu anayeanza bila elimu nyingine ya udaktari anatakiwa asome kwa muda wote kama miaka minne, si chini ya saa 4,200, na katika hizo awe amehudumia wagonjwa chini ya uangalizi. Hapa Afrika, vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg kule Afrika Kusini vinafundisha kazi hii. Kwetu Kenya wataalamu wake ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Kwa hiyo mtu akitokea sokoni na kitanda cha kukunja akisema yeye ni daktari wa kiropraktiki, kumwuliza cheti chake si utovu wa adabu. Aliyesoma hukionyesha kwa furaha. Asiyesoma hukasirika.

ULE MLIO WA "KA!"

Tunajua wengi wenu mnaupenda. Hata sisi tuliudanganyikia. Mtu akisikia mgongo umelia anadhani mfupa ulikuwa umetoka mahali pake na sasa umerudi. Siyo. Kati ya mfupa na mfupa, penye kiungo, mna majimaji mazito kidogo. Kiungo kikivutwa kwa ghafla, ndani ya majimaji hayo hutokea nafasi yenye hewa, na hapo ndipo mlio husikika. Ni sawa na mtu anayevuta vidole vyake vikalia. Mwaka wa 2015 watafiti wa Kanada walimpiga mtu mmoja picha za ndani ya viungo vya vidole vyake wakati vikivutwa, na nafasi hiyo ikaonekana ikifunguka.

Kwa hiyo mlio hauonyeshi kwamba umepona, na kukosekana kwa mlio hakuonyeshi kwamba matibabu yameshindwa. Ukweli ni kwamba pingili ya mtu mzima haitoki mahali pake kwa sababu ya kuinama shambani. Ikiwa imetoka kweli, labda mtu ameanguka kutoka mwembeni au ametupwa na bodaboda, na huyo hafai kusukumwa na mtu yeyote. Alazwe juu ya ubao, asikunjwe, apelekwe hospitali.

INASAIDIA NANI?

Inaweza kumsaidia mtu mwenye maumivu ya kawaida ya kiuno, yale yasiyo na ugonjwa mwingine nyuma yake. Na hao ndio wengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya kiuno. Mwezi wa Desemba 2023 shirika hilo lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya kiuno yaliyokaa zaidi ya miezi mitatu. Kusukuma mgongo kwa mikono kumetajwa humo miongoni mwa tiba zinazoweza kutumika, pamoja na kukandwa, mazoezi ya mwili, na mgonjwa kufundishwa kuuelewa mgongo wake. Mikanda ya kufunga kiunoni, ambayo huuzwa sana masokoni kwetu, mwongozo huo haukuipendekeza. Wala mitambo ya kuvuta mgongo.

Lakini tusiongeze chumvi. Nafuu inayoletwa na kusukumwa mgongo ni ya kiasi. Kwa jumla haizidi ile inayopatikana kwa mazoezi mazuri yakifuatwa kwa bidii. Tena maumivu mapya ya kiuno, mara nyingi, hupungua yenyewe katika wiki chache, hata mtu asipofanya lolote ila kuendelea na shughuli zake polepole. Hapo ndipo waganga wengi wa mgongo hupatia sifa, wa kweli na wa uongo pia: mgonjwa amekuja wakati maumivu yako juu kabisa, na kesho yake yangeshuka tu.

SIKU YA KWANZA

Mtaalamu wa kweli hatakulaza kitandani kwanza. Atakaa nawe aulize: maumivu yalianza lini, uliinua nini, yanashuka mguuni, yanakuamsha usiku, una ugonjwa gani mwingine, unameza dawa gani. Mweleze yote. Watu wetu wana tabia ya kumjaribu daktari, ati "aone mwenyewe". Mgongo hausemi kila kitu. Ikiwa una mimba, sema. Ikiwa unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, au umemeza dawa za aina ya steroidi kwa muda mrefu, sema. Ikiwa unaishi na virusi vya ukimwi, sema pia, kwa sababu TB ya mifupa huwapata watu hao kwa urahisi zaidi. Hayo ni siri yako na yake, na mwenye elimu ya kazi hii anajua kutunza siri. Mzee au ajuza ambaye mifupa yake imedhoofika, ama aliyewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu, asisukumwe kwa nguvu kabisa.

Baada ya maswali atakuambia usimame, uiname, utembee kwa visigino. Atagonga goti kwa nyundo ndogo ya mpira aone mguu unavyoruka, na atapima kama una ganzi mahali. Picha ya eksirei si lazima kwa kila mtu. Akiona dalili ya hatari ndipo anaihitaji. Kwa hiyo usiidai kwa kudhani kwamba bila picha hujatibiwa, wala usikubali kulipia picha mpya kila mwezi.

Kisha akueleze kwa maneno unayoyaelewa: anafikiri una nini, anataka kufanya nini, kuna hatari gani, na kuna njia gani nyingine. Halafu angoje jibu lako. Unaweza kukataa. Unaweza kusema, "Shingo usiiguse, fanya kiuno tu." Mama akitaka kuingia na mwenzake ndani, hiyo ni haki yake, na asikubali kuambiwa avue nguo kuliko inavyohitajika.

Baada ya kusukumwa unaweza kuhisi uchungu kidogo siku moja au mbili, kama mtu aliyelima baada ya kukaa muda mrefu bila kulima. Hilo ni la kawaida. Ganzi mpya au mguu kukosa nguvu si kawaida. Hapo usingoje siku ya pili.

Kuhusu shingo tunataka tuseme wazi. Kuipindua shingo kwa ghafla kumewahi kuhusishwa na kuchanika kwa mishipa ya damu inayopanda kwenda kwenye ubongo, na matokeo yake ni kiharusi. Hutokea kwa nadra sana, lakini likitokea ni jambo kubwa. Sisi kwa maoni yetu hatuoni sababu ya mtu mwenye maumivu ya kiuno kupinduliwa shingo. Na kinyozi anayemaliza kazi kwa kukupindua shingo, ka! upande huu, ka! upande ule, mwambie nywele zinatosha.

MGONGO USIOFAA KUSUKUMWA

Hapa ndipo tulipokosea, na hapa tungependa mkae muda mrefu zaidi mkisoma pamoja. Maumivu ya jembe hupungua ukilala vizuri na hubadilika ukigeuka. Maumivu ya ugonjwa mara nyingi hayajali umelala au umesimama, tena huzidi usiku. Mtu mwenye maumivu ya mgongo pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda bila sababu, aende hospitali kwanza. Inaweza kuwa TB, kama ilivyokuwa kwa mwenzetu. Katika sehemu za wafugaji, ambako watu hunywa maziwa mabichi, inaweza kuwa brusela, ambayo huleta homa inayokuja na kuondoka, na maumivu ya mgongo na viungo. Mtu aliyewahi kuwa na saratani, ya matiti kwa mfano au ya tezi kwa wanaume, akianza kuumwa mgongo, asiseme ni uzee. Mama mwenye maumivu upande mmoja wa mgongo, na homa, na mkojo unaochoma, huyo shida yake ni figo. Kumsukuma ni kumwongezea mateso.

Kuna dalili moja ambayo haingojei kesho. Mtu mwenye maumivu ya mgongo akishindwa kukojoa, au mkojo na choo vikitoka bila yeye kujua, au akiwa na ganzi katika zile sehemu zinazogusa kiti cha baiskeli, au miguu yote miwili ikiishiwa nguvu, apelekwe hospitali usiku huo huo. Mishipa ya fahamu imebanwa. Akifanyiwa upasuaji mapema anaweza kupona. Akicheleweshwa anaweza kubaki hivyo maisha yake yote. Tunajua ni aibu kusema mbele ya watu kwamba mkojo unatoka. Ndiyo sababu tunaomba kila kikundi kiwe na mtu mmoja anayeulizwa mambo haya faraghani, awe mhudumu wa afya ya jamii au mama mzima anayeaminika.

PESA ZA KIKUNDI

Msilipie matibabu mengi kwa pamoja kabla hayajafanyika. Mtaalamu mwaminifu hawezi kujua siku ya kwanza kwamba mgonjwa atahitaji mara ishirini au thelathini. Kubalianeni naye majaribio ya muda, tuseme wiki mbili hadi nne, na mgonjwa ajipime kwa kazi zake mwenyewe: je, sasa naweza kuinama kuwasha jiko? Naweza kutembea mpaka mtoni bila kupumzika? Ikiwa hakuna tofauti, acheni mrudi hospitali. Anayesema "bado kidogo, mifupa yako ni migumu" anahesabu shilingi.

Tena kabla ya kutafuta nauli ya Nairobi, ulizeni hospitali ya kaunti. Nyingi zina wataalamu wa tiba ya viungo, wale wanaoitwa wafiziotherapia, na wengi wao wamesomea KMTC. Wanajua kupima mgongo, wengine hutumia mikono pia, na watakufundisha mazoezi utakayofanya nyumbani juu ya mkeka bila kumlipa mtu. Kwa mkulima wa kijijini, sisi tungeanzia hapo.

Na kazi zenyewe? Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una uzito wa kilo 20, na mama huubeba mara tatu, mara nne kwa siku, wengine kwa kamba kichwani, mtoto akiwa mbele. Gawanya mzigo katika mitungi miwili ya lita kumi kumi, mmoja kila mkono. Tia mpini mrefu katika jembe ili usiiname kama daraja kutwa nzima. Badilisha kazi kabla mgongo haujakataa. Mgongo ukishaanza kuuma, usilale kitandani wiki nzima. Misuli hulegea na maumivu hukaa zaidi. Tembea polepole, fanya kazi nyepesi, ongeza kidogo kidogo. Baadaye tulipiga hesabu, tukaona kwamba zile shilingi 6,000 za sokoni zingetununulia wilibaro ya kubebea maji. Tuliinunua mwaka uliofuata. Inazunguka kwa zamu, na mwenzetu wa kibiongo huipata siku mbili kwa wiki bila kupiga kura.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Ni nani kati yetu ambaye mgongo umemwuma zaidi ya mwezi mmoja sasa, na je, kuna aliyemwuliza habari za jasho la usiku na kukonda? Mtu wa kusukuma migongo akija sokoni wiki ijayo, ni nani atakayetumwa kumwuliza cheti, na atamwuliza vipi bila kuanzisha ugomvi? Mwenzetu akishindwa kukojoa saa nne usiku, ni gari la nani litakaloitwa, na nauli itatoka sanduku gani? Hilo la mwisho andikeni jibu lake katika daftari la kikundi kabla ya kuvunja mkutano, pamoja na namba ya simu ya mwenye gari.